Kabla Hujaifungua Pikipiki Yako: Kujiandaa kwa Hasira na Makosa

Mtu anayeamua kuitengeneza pikipiki yake mwenyewe hukumbuka kutafuta spana, kununua oili na kuuliza bei ya spea, lakini ni nadra aiandalie mahali pake saa ile ambayo bolti itakataa kufunguka, jua limeshapanda, mikono imechubuka na injini imelala mapande mapande juu ya gunia. Saa hiyo huja karibu katika kila kazi, hata kwa mafundi wenye miaka mingi gerejini, na kwa kuwa inajulikana kwamba itakuja, inaweza kuandaliwa kama vile gasketi mpya, yaani karatasi ya kuzibia maungio, inavyonunuliwa kabla ya kufungua kifuniko. Ninayoyaeleza hapa yanahusu zaidi pikipiki za kawaida zenye injini ya silinda moja, hususan zile za Kichina zenye injini ya aina ya CG, ambayo Honda waliibuni katika miaka ya 1970 ili istahimili matunzo hafifu, na ambayo kwa sababu hiyo inafaa sana kwa mtu anayejifunza.

Jambo la kwanza ni siku na saa, nami naliweka mbele ya vifaa vyote. Niliwahi kufungua kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, Jumapili alasiri, nikiamini kuwa kazi ya nusu saa haiwezi kunishinda, na giza lilipoingia nilikuwa nimeharibu vichwa vya skrubu mbili kati ya nne zinazoshika chemba ya boya, kile kibakuli cha petroli cha chini yake, maduka ya spea yamefungwa, na kesho yake nilitakiwa kazini saa moja na nusu asubuhi. Kabureta haikuwa na ugumu wowote wa ajabu. Kilichoniharibia kazi ni kule kujua kwamba sina njia nyingine ya kufika kazini, maana ujuzi huo ulinifanya niikaze bisibisi kwa nguvu pale ambapo nilipaswa kuiweka chini. Kwa hiyo anza asubuhi ya Jumamosi, wakati maduka yako wazi na mafundi wako vijiweni, hesabu muda unaodhani utatosha kisha uuzidishe mara tatu, na hakikisha mapema kuwa siku inayofuata unaweza kwenda uendako bila pikipiki hiyo, iwe kwa daladala, kwa miguu au kwa kumwomba jirani. Mtu asiye na haraka ya kesho hufanya makosa machache sana kuliko mwenye haraka, hata kama ujuzi wao ni mmoja. Kula kabla ya kuanza, weka maji karibu, na tafuta kivuli ambacho hakitahama saa sita mchana ukiwa katikati ya kazi.

Katika vifaa, nitakaa kidogo kwenye bisibisi, kwa sababu hasira nyingi zinazodhaniwa kuwa za bolti huanzia hapo. Skrubu nyingi zenye alama ya msalaba kwenye pikipiki za Kijapani, na kwenye nyingi zilizoundwa kwa kufuata michoro yake, zinafanana kwa macho na skrubu za kawaida lakini pembe za msalaba wake ni tofauti kidogo. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai hadi chini, na ukiikaza hupanda juu na kula kichwa. Ukipata bisibisi iliyotengenezwa kwa kiwango cha Kijapani utashangaa jinsi skrubu ile ile inavyolegea bila vita. Usipoipata, chagua bisibisi inayojaza tundu kabisa, isukume kwa uzito wa mwili kuliko unavyoizungusha, na kabla ya hapo gonga kichwa cha skrubu kidogo kwa nyundo ndogo ili kutu iachie. Kwa nati na bolti, soketi yenye pembe sita au spana ya ringi iliyo saizi kamili ni bora kuliko spana ya mdomo wazi, na ni bora mno kuliko spana ya kurekebisha, ambayo hulegea katikati ya kazi na kuviringisha kona za nati. Bolti za bomba la moshi zimwagiwe mafuta ya kulegezea kutu usiku wa kuamkia kazi, wala si dakika tano kabla.

Inafaa pia kujua kabla ni sehemu zipi zinazokufa kirahisi. Kichwa cha silinda na sehemu kubwa ya mwili wa injini ni alumini, ilhali plagi na bolti ni za chuma kigumu, na zikishindana ni alumini inayoshindwa. Usifungue plagi injini ikiwa ya moto. Unapoirudisha, izungushe kwa vidole tu hadi ikae yenyewe. Ikigoma katikati, irudishe nyuma uanze upya, kwa maana plagi iliyoingia upande hukata uzi wa tundu lake, yaani ile mikato ya kuzungukia ndani yake, kwa mzunguko mmoja wa spana. Ikishakaa kwa vidole, plagi mpya yenye ringi yake inahitaji kama nusu mzunguko tu wa spana. Bolti ya kumwagia oili chini ya injini nayo huuawa uzi na watu wanaoogopa kwamba itavuja, wakaikaza kwa mkono wenye hofu, na mara nyingi uvujaji wenyewe ulisababishwa na ringi ya kuzibia iliyochakaa, ambayo bei yake ni ndogo mno kulinganisha na hasara ya injini.

Hapa ndipo ninaposhauri sheria moja ambayo ni lazima iwekwe kabla ya kazi, kwa sababu ukiwa katikati huwezi tena kuiweka: bolti ikikataa mara ya pili, spana inawekwa chini na mtu anasimama. Mara ya kwanza hukataa kwa sababu ya kutu au saizi isiyo sahihi; mara ya pili mwili umeshaanza kutumia nguvu badala ya macho, na ya tatu ndiyo inayokata bolti ikabaki nusu ndani. Nenda ukanawe mikono, ukae mbali na pikipiki kwa robo saa, kisha urudi na swali badala ya nguvu: je, saizi ni hii, kuna skrubu nyingine iliyofichika, na ninaizungusha upande unaotakiwa? Swali la mwisho si la kitoto, kwani baadhi ya pikipiki za Yamaha, kwa mfano, zina kioo cha kulia ambacho uzi wake hufunguka kinyume na ulivyozoea.

Kabla ya kufungua kifuniko chochote cha pembeni cha injini, tafuta kipande cha boksi, chora umbo la kifuniko hicho, toboa matundu kulingana na nafasi za bolti, na kila bolti unayoitoa ichomeke kwenye tundu lake. Bolti za kifuniko kimoja huwa na urefu tofauti: ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inaweza kupasua alumini, na fupi ikiwekwa palipohitaji ndefu itashika nyuzi chache na kuzing'oa. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa mipira ya hewa na nyaya, na vitu vidogo vya kabureta kama jeti (kile kitundu kinachopitisha petroli) na pini ya boya viweke kwenye bakuli lenye mfuniko. Waambie watoto mapema kwamba pale hapachezewi. Kuku nao hudonoa chochote kinachong'aa. Kitambaa ukikiziba kwenye tundu la kabureta ili uchafu usiingie, kiwe kikubwa na cha rangi kali, kwa sababu kukisahau ndani ni miongoni mwa makosa machache yasiyosameheka.

Makosa mengine mengi husameheka, na kulijua hilo mapema hupunguza hofu kuliko wosia wowote wa subira. Uzi wa alumini uliokufa unaweza kutobolewa upana zaidi na fundi wa kuchonga vyuma, ukawekewa uzi mpya wa chuma ulio imara kuliko wa awali. Kichwa cha skrubu kilicholiwa hugongwa kwa patasi pembeni hadi kizunguke, kisha skrubu hiyo ibadilishwe moja kwa moja. Gasketi iliyochanika hununuliwa nyingine. Tenga fedha kidogo kwa ajili ya kosa moja la namna hii kabla ya kuanza, uichukulie kuwa sehemu ya gharama ya kazi, ili litakapotokea lisikukute ukijilaumu kwa hasara ambayo hukuipanga.

Kukata tamaa kukubwa zaidi huja mwishoni, pale unaporudisha kila kitu, ukapiga kiki na injini isiwake. Wengi hapo hufungua tena kila kitu kwa hasira, wakibadilisha plagi, wakigusa skrubu ya hewa na kurekebisha vavu kwa mkupuo mmoja, hata isijulikane tena kosa lilikuwa wapi. Andika kwenye karatasi, ukiwa bado umetulia asubuhi, mambo utakayoyaangalia kwa mpangilio: koki ya petroli imefunguliwa, swichi ya kuzimia injini iko mahali pake, kofia ya plagi imesukumwa hadi mwisho, kebo na mipira iko kama kwenye picha. Kumbuka kuwa chemba ya boya iliyokuwa kavu inahitaji muda kujaa, na kiki kumi za mwanzo zinaweza zisilete chochote. Plagi ikitoka imelowa petroli, injini imelewa. Funga koki, ikaushe plagi, vuta mafuta hadi mwisho bila choki na upige kiki mara kadhaa. Baada ya hapo badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, ujaribu, kisha ndipo ulifikie jingine.

Yapo mambo ambayo hasira ikiyagusa hugharimu mwili. Petroli iliyomwagika isikaribiwe na mshumaa wala sigara, kwa hiyo umeme ukikatika kazi inasimama hadi kesho. Cheni haisafishwi injini ikiwa inazungusha gurudumu, hata kama ni haraka zaidi. Cheni na meno yake vimekata vidole vya watu wengi waliotaka kumaliza upesi. Na breki, ukizifungua ukiwa umechoka, usizijaribu barabarani hadi mtu mwingine anayezijua azitazame.

Amua pia mapema ni wapi utakapokomea na ni fundi gani utampelekea. Kupeleka pikipiki iliyofunguliwa si aibu, na fundi mwema amezoea, ila kuna namna ya kuipeleka: vipuri vyote ndani ya chombo kimoja, boksi lako la bolti, picha zako, na maelezo ya kweli ya ulichokigusa, pamoja na bolti uliyoikata. Mficha uchi hazai, na fundi anayefichwa hutumia saa nzima kutafuta ugonjwa uliouleta mwenyewe, kisha anakutoza kwa saa hiyo. Ukimwomba ukae uangalie anavyofanya, wengi hukubali, na utakayoyaona hapo yatakusaidia katika kazi ijayo.

Ikiwaka, iache ingurume taratibu huku ukichungulia chini kutafuta oili au petroli inayotoka, kisha uiendeshe polepole kilomita mbili au tatu kwenye njia isiyo na magari, ukiwa na spana za saizi ulizofungulia mfukoni. Urudipo iache ipoe kabisa, halafu upitie kila bolti uliyoigusa, uangalie kiwango cha oili, na ukihesabu kwenye boksi, kila tundu liwe tupu.