Kabla Hujamlaza Mtoto wa Mbwa Kwenye Gunia la Marehemu

Hapa kwangu Malaba, upande wa Uganda, nilizika mbwa wawili chini ya mwembe mwaka mmoja. Shaba aliondoka na homa ya kupe baada ya miaka 9 ya kubwekea madereva wa malori. Kadogo hakufikisha hata miezi 4: parvo, siku tatu za kutapika na kuhara damu. Jirani akanipa pole, kisha akaongeza, "Lakini mzee, si ni mbwa tu?" Nikanyamaza.

Wiki mbili baadaye nikaleta mwingine, maana ule ukimya wa usiku ulinishinda. Nikamlaza kwenye gunia la Kadogo, nikamlisha katika sahani ya Kadogo, nikamwita Kadogo. Kabla ya mwezi kuisha nikashika jembe tena.

Basi jiulize kwanza: yule aliyekufa, aliuawa na nini? Kama ni uzee au gari, leta mwingine siku utakayojisikia. Kama ni parvo, jua kwamba virusi vyake vinaweza kukaa udongoni mwaka mzima na zaidi. Choma gunia na kamba. Sakafu ya saruji isugue kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, ndipo umwage jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, uiache dakika 10. Udongo huwezi kuuosha, kwa hiyo mtoto asikanyage ua mpaka amalize chanjo. Huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa huchomwa akifikisha miezi 3. Chanjo moja haitoshi. Mimi niliambiwa na aliyeniuzia kwamba inatosha, nikamwamini.

Kupe nao usiwatafute kwenye mbwa peke yake. Yule wa kahawia hupanda ukuta, hujificha kwenye nyufa za banda, na anaweza kukaa miezi bila kula, akimngoja mgeni wako. Niliziba nyufa kwa saruji, daktari wa mifugo akanipa dawa ya kunyunyizia. Kila jioni napapasa masikio na katikati ya vidole.

Safari hii nilichukua wawili, wa mama tofauti, wakipishana miezi mitano. Ndugu wa tumbo moja huweza kusikilizana wao kwa wao, wewe ukabaki mpishi tu. Wa kwanza ni Breki, wa pili Spea. Majina mapya, sahani mpya.

Usiku wa kwanza atalia. Omba kitambaa alicholalia mama yake, ukiweke kwenye boksi karibu na kitanda chako. Chakula usikibadilishe ghafla: mwenye Breki alikuwa akimpa maziwa na uji, nikaingiza posho, yaani ugali, na mukene, dagaa wa huku kwetu, kidogo kidogo kwa wiki nzima. Vitunguu usitie, ni sumu kwao.

Spea alipomaliza chanjo ndipo nilipowakutanisha: niliwapeleka uwanja wa mpira, kila mmoja na kamba yake, tukatembea sambamba kabla ya kunusana. Walielewana haraka kuliko nilivyotegemea.

Kisha nikamfungulia Spea ua. Akaenda moja kwa moja kufukua chini ya mwembe. Nimeweka mawe.