Hospawa si kila kitu ukinunua gari dogo

Kwenye yadi za Ngong Road muuzaji akianza na hospawa, msikilize, kisha muulize ya pili: msokoto wa injini (torque, yaani nguvu yake ya kuzungusha) ni kiasi gani, na unafika injini ikiwa kwenye mizunguko mingapi kwa dakika? Huo ndio unaolivuta gari likitoka kusimama.

Chukua Honda Fit ya petroli ya lita 1.3, ile ya kizazi cha tatu. Ina hospawa 100, lakini huzipati mpaka injini ifike mizunguko 6,000 kwa dakika. Ni nani hufika huko kwenye foleni ya Thika Road? Mazda Demio ya dizeli, lita 1.5, ina hospawa 105 tu, ila msokoto wake ni zaidi ya mara mbili na unaanza kwenye mizunguko 1,500. Kwa karatasi ni ndugu, kwa mlima hawajuani. (Dizeli hiyo haipendi safari fupifupi za mjini, chujio la moshi huziba.)

Halafu kuna hewa ya Nairobi. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo (kifaa kinachoisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu kwa mwinuko huu. Takwimu za kwenye karatasi ni za usawa wa bahari.

Ukijaribu gari, usizunguke yadi peke yako. Jaza watu wanne, washa kiyoyozi, panda Waiyaki Way kuelekea Uthiru, na utafute lori la kulipita.