Jirani ni mwandishi wa habari na kazi iliisha: namna ya kusaidia familia yake hapa Goma

Tangu waasi wa M23 waingie Goma, huku mashariki ya Kongo, mwisho wa Januari 2025, radio zingine zilinyamaza, watu wengine walikimbia, wengine wako tu nyumbani, na watu wanafikiri mtu wa radio lazima ana akiba. Hana. Wengi walikuwa wanakula kupaji, ile pesa kidogo wenye mkutano wanampa ya transporti, mshahara ulikuwa jina tu. Mikutano ikiisha na unga unaisha.

Anza na mama wa nyumba, pembeni, usimuulize baba mbele ya watu. Na usiseme "munahitaji nini", atakujibu "Mungu anasaidia" basi. Muulize watoto walikula nini jana. Mimi nilichelewa wiki tatu juu ya hilo swali baya, na inaniuma mpaka leo.

Chakula peleka jioni, kidogo kidogo, si mfuko mzima ku chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo) saa sita ya mchana, parseli (kiwanja) yote inaangalia. Unga wa muhogo, maharagi, mafuta, sabuni, na MAKALA (mkaa) tafadhali, watu wanasahau makala na unga hauivi wenyewe.

Pesa: banki zilifungwa ile Januari, kwa hiyo kama uko Kinshasa ao Ulaya utatuma kwa simu, ila uliza kwanza ajenti wa huku anakata ngapi ku kutoa, na wewe uongeze hiyo juu yake. Kama uko hapa mpe mukononi, na kama ni dola iwe noti safi maana yenye kupasuka kidogo hakuna mwenye atapokea.

Nyumba ndiyo inaumiza zaidi. Uliza garanti (pesa ya nyumba yenye walilipa mbele) imebaki miezi ngapi, mara nyingi bayeri (mwenye nyumba) amekwisha kuila yote kimya kimya na siku moja anakuja kufukuza. Enda umulipe mwenyewe, risiti iandikwe jina la familia. Minervali (pesa ya masomo) ya watoto, ongea na direkta wa shule alipwe vipande vipande.

Usipige picha. Usiweke ku statusi ya WhatsApp, usitaje alikuwa radio gani, usimuulize siri za vita kila akitoka mulangoni. Kama anatishwa, unga hautoshi: kuna JED (Journaliste en Danger) ya Kinshasa, inatetea waandishi tangu 1998, kuna pia RSF (Waandishi Wasio na Mipaka) na CPJ (Kamati ya Kulinda Waandishi), za kimataifa, zenye msaada wa dharura. Wataomba vitu vya kuhakikisha, basi musaidie kutafuta karata ya presi, kontra (mkataba wa kazi), emisio (vipindi) zake za zamani, na azitume kwa simu yenye anaamini.

Halafu mutafutie kazi ya sauti na kalamu yake: barua, tafsiri ya Kifaransa, kuongoza arusi. Jirani yangu saa hii anafundisha dikte (imla) watoto sita wa avenue yetu kila saa kumi, wazazi wanaleta franga kidogo ao sahani ya sombe (majani ya muhogo), na mke wake ameanza tena kukaa inje na sisi jioni.