VM inagoma kuwaka kwenye Linux? Anzia chini upande juu

Wakuu, hili jambo limesumbua wengi. Umeweka Linux yako vizuri, unataka kuendesha Windows au Ubuntu nyingine ndani yake kama VM (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako), unafungua virt-manager au VirtualBox, unabonyeza kuwasha, inakurudishia erora. Kinachofuata karibu kila mtu anafanya kilekile, anafuta programu anainstoli upya, inagoma, anafuta tena, siku imeisha. Mi niliwahi kumaliza wikiendi nzima hivyo na laptopu ya mtumba, kumbe tatizo lilikuwa kwenye BIOS (setingi za mashine yenyewe, kabla Linux haijawaka), Linux ilikuwa haina kosa lolote.

Kwahiyo kabla hujafuta kitu chochote panda ngazi kutoka chini: prosesa, keneli (kiini cha Linux), ruhusa zako, ndo uje netiweki. Ukianza juu utachezea setingi mpaka asubuhi na shida iko palepale.

Fungua teminali uandike:

`lscpu | grep -i virtualization`

Intel itakujibu VT-x, AMD itakujibu AMD-V, ndo majina ya uwezo wa prosesa wa kuendesha VM. Isipokujibu kitu, usikimbilie kusema mashine ni mbovu, maana laptopu nyingi hasa zilizotumika maofisini zinakuja hiyo kitu imezimwa. Angalia na hii:

`sudo dmesg | grep -i kvm`

Ukikuta maneno kama "disabled by bios" jibu ndo hilo. Zima mashine, washa huku unabonyeza kitufe cha kuingia BIOS, kwa HP mara nyingi ni F10, Dell F2, ThinkPad F1. Tafuta Intel Virtualization Technology au VT-x, kwa AMD itaandikwa SVM Mode, mara nyingi imejificha kwenye Security au Advanced. Washa, sevu, halafu zima mashine kabisa, usiristati tu, kuna mashine hazikubali badiliko mpaka umeme ukatike kwanza. Ukirudi andika `ls -l /dev/kvm`, hilo faili likiwepo ngazi ya kwanza imepita.

Sasa hapa chagua upande mmoja wa kuendeshea VM, KVM au VirtualBox. Ushauri wangu ni KVM, iko ndani ya keneli yenyewe tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007, hakuna moduli (kipande cha kuongeza kwenye keneli) ya kujenga upya kila keneli inapoapdeti. QEMU ndo inaendesha VM ikisaidiwa na KVM, libvirt inazisimamia, virt-manager ni dirisha la kubonyezea. Kwa Ubuntu, Mint na Debian:

`sudo apt install qemu-system-x86 libvirt-daemon-system virt-manager`
`sudo usermod -aG libvirt,kvm $USER`

Hiyo herufi a kwenye -aG msiiache jamani. Ukiandika -G peke yake unatolewa kwenye magrupu mengine yote, pamoja na grupu la sudo, na hapo utajikuta huwezi hata kurekebisha ulichoharibu mpaka uingie kwa rikavari mode. Ukimaliza toka kwenye akaunti yako uingie tena, kufunga teminali tu hakutoshi, halafu andika `id` uone kama libvirt na kvm zimo.

Kuna kitu kingine kinatisha watu bure, unaandika `virsh list --all` (virsh ni amri ya libvirt) unaona patupu, unadhani VM zako zimefutika. Hazijafutika. Ukiendesha virsh bila sudo inaangalia eneo lako binafsi, wakati virt-manager kwa kawaida inaweka VM kwenye eneo la mfumo mzima. Andika hivi utaziona:

`virsh -c qemu:///system list --all`

Erora ya "Permission denied" kwenye faili la ISO (lile la kuinstolia Windows au Linux) nayo ni ya kila siku. Umedownload ISO ikakaa kwenye Downloads, lakini QEMU inayowashwa na libvirt inatumia yuza wake mwenyewe ambaye hana ruhusa ya kupita kwenye folda lako la home. Usianze kufungua home yako kwa chmod 777, ni hatari. Hamishia ISO kwenye `/var/lib/libvirt/images`, basi. Na kwa sisi wa bando, kabla hujailaumu VM pima ISO kwanza kwa `sha256sum`, ulinganishe na namba iliyoko kwenye tovuti ulikoitoa, maana ISO iliyokatikia njiani inaweza kuanza kuwaka vizuri ikaja kufia katikati ya kuinstoli, na we ukadhani shida ni RAM. Kama download imekatika usianze upya uchome bando mara mbili, andika `wget -c` na linki ileile, kama seva inaruhusu itaendelea ilipoishia.

Netiweki sasa. Ukiona "network 'default' is not active":

`sudo virsh net-start default`
`sudo virsh net-autostart default`

Ya pili ndo watu wanaisahau, wakiristati erora inarudi. VM itapata anwani ya 192.168.122 na kitu, na itatoka intaneti kupitia mashine yako. Kama VM ina anwani lakini intaneti hamna na una Docker (programu ya kuendesha kontena) kwenye mashine hiyohiyo, mshuku Docker. Yeye anafunga njia ya kupitisha trafiki, na libvirt za karibuni zinatumia nftables (firewall ya Linux) ambayo haiwezi kufuta hilo katazo. Fungua `/etc/libvirt/network.conf`, weka `firewall_backend = "iptables"`, ristati mashine ujaribu. Na ukitumia Wi-Fi usihangaike na bridge (kuiunganisha VM moja kwa moja kwenye netiweki yako), Wi-Fi nyingi hazikubali anwani za MAC mbili kwenye koneksheni moja, kaa na hiyo NAT ya default (VM kupitia mashine yako) inatosha kabisa kwa kujifunzia.

Wa VirtualBox, ukiona "Kernel driver not installed" angalia vitu viwili. Cha kwanza headers (faili za keneli za kujengea moduli), `sudo apt install linux-headers-$(uname -r)` halafu `sudo /sbin/vboxconfig`. Cha pili Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka), andika `mokutil --sb-state`. Kama imewashwa, keneli inakataa moduli isiyo na saini. Ubuntu hukuomba utunge pasiwedi wakati wa kuinstoli, na ukiristati inatokea skrini ya bluu ambayo wengi wanabonyeza Continue haraka haraka ikapita, kumbe ulitakiwa uchague Enroll MOK (kusajili ufunguo wa kusaini moduli) na kuingiza ile pasiwedi. Kama skrini hiyo ilishakupita, irudishe hivi, uristati, safari hii usiiruke:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Na kama VirtualBox ilikuwa inafanya kazi vizuri halafu baada ya apdeti ya keneli ikaanza kukupa VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE, au kwa AMD VERR_SVM_IN_USE, ujue KVM imeishika prosesa. Kuanzia keneli 6.12 KVM inaishika mara tu moduli yake inapopakiwa, hata kama hujawasha VM yoyote. Iondoe kwa `sudo modprobe -r kvm_intel`, AMD ni kvm_amd, au kwa kudumu ongeza `kvm.enable_virt_at_load=0` kwenye setingi za GRUB (inayoiwasha Linux) uandike `sudo update-grub`. Ndo maana nilisema chagua upande mmoja.

Windows kwenye KVM ina mtego wake. Unafika sehemu ya kuchagua diski, hamna diski hata moja. Umeweka diski ya virtio (aina ya diski ya kuigiza ya KVM) na Windows haina draiva yake. Download ISO ya virtio-win, iongeze kama CD ya pili, bonyeza Load driver, nenda viostor, halafu w11, halafu amd64, diski itatokea palepale. Windows 11 inataka pia UEFI (BIOS ya kisasa), TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM GB 4 na diski GB 64, kwahiyo instoli swtpm (TPM ya kuigiza) na uongeze TPM kwenye virt-manager kabla ya kuanza. Laptopu yako ikiwa na RAM GB 4 kwa ujumla, Windows 11 iache, weka Linux nyepesi ndani utafurahi.

Na umeme ukikatika VM ikiwa inaendesha halafu ikagoma kuwaka, usiifute. Ikiwa imezimwa, kopi kwanza faili la diski pembeni, halafu:

`sudo qemu-img check /var/lib/libvirt/images/jina.qcow2`

Ikikuta makosa, rudia na `-r all` baada ya check, ila hakikisha ile kopi ipo.