Mawazo ya Wakati wa Maradhi: Namna ya Kuutunza Moyo Wako na wa Jirani Yako

Mwezi Machi 2020 Serikali ya Zanzibar ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19, na haikuchukua muda ndege za watalii zikakoma kutua. Mwaka 2019 visiwa hivi vilikuwa vimepokea wageni zaidi ya nusu milioni. Mwaka uliofuata idadi hiyo ilishuka kwa takriban nusu, na kuanzia Nungwi hadi Jambiani wapishi, wahudumu, madereva na wauza vinyago walirudi majumbani bila ya kujua wataitwa lini kazini. Wengi wao hawakupata homa wala kikohozi, lakini waliugua. Walikosa usingizi, wakawa wakali kwa watoto, wakaacha kutoka nje, na walipoulizwa wana nini walijibu kwa neno ambalo sote tunalielewa: "Nina mawazo."

Mwongozo huu unamhusu mtu mzima wa kawaida, asiye daktari, anayetaka kujua afanye nini mawazo ya namna hiyo yanapomwingia yeye au mtu wa karibu yake. Si watu wachache waliopitia hali hiyo. Mwezi Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga lile, wasiwasi uliopindukia na sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito isiyoondoka, viliongezeka duniani kwa takriban asilimia 25, na kwamba vijana na wanawake ndio walioumia zaidi. Kipindupindu nacho kimeshavitembelea visiwa vyetu zaidi ya mara moja, na hapana anayeweza kuapa kwamba janga jengine halitakuja. Kwa hiyo mambo haya ni bora yajulikane sasa, kama mtu anavyoezeka paa lake kabla ya masika.

Kuyatambua mawazo yaliyogeuka maradhi

Khofu yenyewe si maradhi. Anayeogopa ndiye anayenawa mikono na kumkinga mzee wake, na anayelia kwa kufiwa analia kwa sababu alipenda. Kinachopaswa kutazamwa ni muda na uzito. Jiulize, au muulize mwenzako kwa upole, maswali mawili ambayo hata wahudumu wa afya huanza nayo: je, katika wiki mbili zilizopita umekosa hamu au raha ya kufanya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Na je, katika muda huo umejihisi una huzuni, unyonge, au umekata tamaa? Ikiwa jibu ni ndiyo kwa siku nyingi za wiki hizo mbili, na pamoja na hayo usingizi umevurugika, chakula hakipiti, kazi ndogo inachosha kama kupandisha ngalawa pwani peke yako, au mtu anajilaumu kwa mambo yasiyo na kosa lake, basi hilo si la kusubiri lipite lenyewe.

Kwetu mtu hasemi kirahisi kwamba moyo wake unaumwa; husema kichwa, tumbo, mgongo, au kifua kinambana. Maumivu hayo ni ya kweli, na wakati wa maradhi ya mapafu huwa na mtego wake. Mtu aliyeshikwa na khofu kali hupumua haraka haraka, moyo humwenda mbio, vidole humfa ganzi, naye akaamini kwamba tayari ameambukizwa, na imani hiyo ikaizidisha khofu. Kwa kawaida khofu ya aina hiyo huja ghafla, hufika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka. Anapokuwa katika hali hiyo, mkalishe penye hewa, mwambie avute pumzi taratibu kwa puani na aitoe polepole zaidi ya alivyoivuta, na wewe uifanye pamoja naye hadi mwendo wenu uwe mmoja. Lakini ikiwa kuna homa, kikohozi, maumivu ya kifua, au pumzi inazidi kuwa fupi kila anapotembea, usikae nyumbani kubahatisha kwamba ni wasiwasi tu, mpeleke hospitali.

Habari kwa kiasi

Jambo hili nitalisema kwa ufupi, kwa kuwa kulijua ni rahisi na kazi iko katika kulitekeleza. Chagua nyakati mbili za kusikiliza habari za maradhi, kwa mfano adhuhuri na magharibi, na chanzo kimoja au viwili vinavyowajibika kwa wanachokisema. Baada ya sala ya isha zima simu au iweke chumba chengine. Sauti inayosambazwa kwa WhatsApp, ya mtu asiyejitaja jina, anayelia kwamba maiti zimejaa mahali fulani, usiisikilize mara ya pili na usiipeleke kwa mwenzako. Anayeipokea saa tano za usiku yupo peke yake kitandani, na utakuwa umemkabidhi khofu asiyokuwa na wa kumsaidia kuibeba.

Kuipa siku umbo

Mtu akipoteza kazi hapotezi mshahara peke yake. Hupoteza saa ya kuamka, sababu ya kuoga, na watu wa kusalimiana nao njiani. Mwanamme aliyezoea kuingia nyumbani na kikapu huona haya kukaa kitako mchana kutwa mbele ya watoto, na haya hiyo mara nyingi hutoka kwa sura ya hasira. Mwanamke naye huelemewa kwa njia nyengine, kwani watoto hawendi skuli, mgonjwa anauguzwa nyumbani, chungu ni kile kile na waliokizunguka wameongezeka.

Sisi tuna msaada mmoja ambao watu wengi hawautumii ipasavyo, nao ni vipindi vitano vya sala. Vitumie kuigawa siku. Baada ya alfajiri usirudi kulala. Toka utembee ufukweni au ukapalilie kijishamba, kwa sababu mwangaza wa asubuhi na kuusogeza mwili husaidia usingizi wa usiku. Kati ya adhuhuri na alasiri weka kazi moja yenye mwisho unaoonekana: kutengeneza mshipi, kufuma ukili, kupanga karatasi za nyumba. Usingoje hamu ije kwanza. Katika sonona hamu huchelewa, na hufuata nyuma ya kitendo. Anayeingoja kitandani atangoja sana. Anza na kitu kidogo kiasi cha kuona kwamba hakina maana, kisha kifanye kesho tena.

Jihadhari pia na vitulizo vya haraka. Mirungi, bangi na vidonge vya usingizi vya kununua bila ya cheti huahidi usiku mmoja wa raha na kudai mingi baadae.

Baraza isivunjike

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae zaidi, kwa sababu ninaamini kwamba katika janga lile kilichotuumiza sana kilikuwa ni kuvunjika kwa baraza. Nyumba zetu zimejengewa vibaraza ili watu wakae waonane; kahawa ya jioni, bao, mazungumzo ya mpira na siasa, yote hayo yalikuwa ni namna ya kumwangalia mtu bila ya kumwambia kwamba unamwangalia. Asiyefika siku mbili aliulizwa. Maradhi yalipokuja, mwenye mawazo alipata udhuru mzuri wa kutofika, na hakuna aliyemuuliza.

Nchini Zimbabwe wapo watu wanaotumia neno la Kishona kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi, karibu sawasawa na sisi tunaposema mtu ana mawazo. Mwaka 2006 daktari wa maradhi ya akili aitwaye Dixon Chibanda alianzisha katika mtaa wa Mbare, mjini Harare, kile kinachojulikana sasa kama Benchi la Urafiki: mabibi wa mtaani walifundishwa kumsikiliza mwenye mawazo wakiwa wamekaa naye kwenye benchi la mbao nje ya kituo cha afya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika vituo 24 vya Harare, ulionesha kwamba baada ya miezi 6 waliopewa mazungumzo hayo walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mimi nikilitazama benchi lile ninaiona baraza yetu, ila iliyopewa utaratibu.

Utaratibu wenyewe unaweza kuigwa na mtu yeyote mwenye subira. Kaeni nje, maana maradhi ya njia ya hewa huenea zaidi katika vyumba vilivyofungwa. Mmoja akae mwanzo wa baraza na mwengine mwisho, kila mtu na kikombe chake. Mwache mwenzako ayataje yote yanayomsumbua bila ya kumkata. Usianze na "Subira, bwana" wala "Mshukuru Mungu, wapo waliokuzidi," kwa kuwa maneno hayo ni ya kweli lakini yakija mapema humfunga mtu mdomo. Akimaliza, muombe achague tatizo moja tu katika yale aliyoyataja. Kisha muulize, na usimjibie: ni hatua gani ndogo unayoweza kuichukua kabla ya Ijumaa? Mwenye deni la kodi huenda akasema atamwendea mwenye nyumba kabla ya kufuatwa. Mwenye kukosa usingizi huenda akasema atampigia dada yake Wete. Mkutane tena siku mliyoagana, na ikiwa hatua haikufanyika, tafuteni nyengine pasipo lawama.

Ikiwa hata kukaa nje kumekatazwa, simu ichukue nafasi ya baraza, lakini iwe na saa yake. Ahadi ya "tutapigiana" huwa haitimizwi. Andika katika karatasi majina saba, moja kwa kila siku ya wiki, na uanze na wazee wanaoishi peke yao na wale waliokuwa wacheshi sana zamani, kwa maana kimya chao huchelewa kutambuliwa.

Msiba usiokamilika

Tarehe 17 Februari 2021 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza kwamba aliambukizwa korona. Alizikwa kwao Mtambwe, Pemba, na Unguja na Pemba zililia pamoja. Kulia pamoja ni tiba. Lakini katika kipindi hicho hicho wapo waliozika baba au mama kwa haraka, na watu wachache, bila ya matanga ya kawaida, wengine wakificha hata sababu ya kifo kwa kuogopa kunyanyapaliwa. Jirani alitaka kwenda kuhani akaogopa. Mfiwa alitaka kuhaniwa akaona haya kualika. Huzuni ya namna hiyo haikupata pa kutokea, na kwa baadhi ya watu ingalipo hadi leo.

Msiba kama huo unaweza kukamilishwa hata baada ya miaka. Kwa wanaosoma khitma, isomeni sasa, na baada ya dua watu wasitawanyike. Kila mmoja aeleze jambo moja analolikumbuka kwa marehemu. Nendeni kaburini pamoja, mlisafishe. Mliokosa kuhani wakati ule nendeni mkamwambie mfiwa kwa maneno ya wazi, "Tulipaswa kuja, hatukuja, poleni sana." Mfiwa naye asiulizwe tu kama ameshapoa, aulizwe siku ile ilikuwaje, na asikilizwe mpaka mwisho. Mjane aliye katika eda wakati wa janga amefungiwa mara mbili, kwa eda na kwa maradhi, na miezi minne na siku kumi ni mingi kwa mtu asiyeona uso wa mwenziwe. Wanawake wa mtaa wapangiane zamu ya kumfikia mlangoni kila siku.

Wakati wa kwenda hospitali

Ikiwa dalili zimepita wiki mbili na mtu hawezi tena kazi zake, aende kituo cha afya kilicho karibu na aseme waziwazi kwamba tatizo ni mawazo na usingizi, asiishie kutaja kichwa. Kutoka hapo anaweza kupelekwa hospitali kubwa, na kwa Unguja huenda ikawa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Najua jina hilo linavyotisha, na najua vijana wanavyolifanyia mzaha. Pale ni hospitali, na anayekwenda anakwenda kutibiwa. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonesha nguvu yake, basi asiyeona tofauti siku ya tano asizitupe, na aliyepata nafuu asiziache ghafla bila ya kuzungumza na daktari.

Wengi wetu huanzia kwa shekhe kusomewa, na sioni ubaya. Kisomo na dawa havigombani, na Mtume ametufundisha kutafuta tiba. Kilicho kibaya ni mgonjwa kuzungushwa miezi kwa waganga wakati hali yake inazidi, au kunyweshwa mizizi juu ya vidonge bila ya daktari kujua.

Mtu akisema heri angekufa, usimkemee kwa dhambi na usigeuze mazungumzo. Muulize wazi kama anafikiria kujitoa roho; kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake hata kwa muda mfupi, vidonge na dawa za kilimo ziondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akiwa na mtu anayemwamini.

Atakaporudi, mtembeleeni kama mnavyomtembelea aliyetoka kulazwa kwa malaria, na machungwa mkononi na pole mdomoni. Msinong'one ndani ya uwa. Mmoja wenu aijue tarehe yake ya kurudi kliniki na amsindikize, hata ikiwa ni kufika naye kituo cha daladala tu, na jioni apelekewe kahawa pale pale barazani alipokuwa akikaa.