Kupima hasara ya duka baada ya mafuriko

Kwa wenye maduka ya mabondeni, kama waliopitiwa na maji ya masika ya 2024 kule Rufiji au Mathare: usiishie kuhesabu bidhaa zilizolowa. Chukua taarifa ya miamala ya Lipa Namba (au tili, kwa Wakenya) ya wiki nane kabla ya mafuriko na nane baada yake, ulinganishe Jumatatu na Jumatatu, Jumamosi na Jumamosi. Pengo ndilo mauzo yaliyopotea, na huenda likawa kubwa kuliko mzigo wenyewe. Sukari iliyoyeyuka unainunua tena kesho. Mteja aliyehamia duka la juu harudi upesi hivyo. Taarifa hiyo pia inamshawishi afisa mikopo kuliko daftari, maana kila malipo yana tarehe na saa na hukuyaandika wewe.

Usichukue pengo lote ukaliita hasara. Toa kwanza gharama ya kununulia bidhaa ambazo ungeziuza. Kinachobaki ndicho faida uliyokosa. Mzigo ulioharibika nao uuthamini kwa bei ya kununulia, la sivyo faida utaihesabu mara mbili.

Mbinu hii haifai kama wateja wako wengi hulipa taslimu, au kama namba ya biashara ndiyo hiyohiyo ya kupokelea michango ya harusi. Na tazama misimu: Ramadhani ya 2024 iliisha Aprili, mvua zikiwa zimepamba moto, kwa hiyo kwa muuza tende na unga wa ngano sehemu ya anguko si ya mafuriko hata kidogo.