Ndoa ya Kimormoni: kufunga ya serikali kwanza, kisha kuunganishwa hekaluni

Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni), wachumba wana mambo mawili ya kupanga: ndoa inayotambuliwa na sheria, na kuunganishwa hekaluni kwa milele. Marekani na Kanada, aliyetanguliza ya serikali alikuwa akisubiri mwaka mzima kabla ya kuunganishwa, kwa hiyo wengi walienda hekaluni moja kwa moja na wazazi wasio waumini wakaishia kungoja nje. Kanuni hiyo ilifutwa tarehe 6 Mei 2019. Kama jamaa wa upande mmoja hawana kibali cha hekaluni (cheti kinachomruhusu muumini kuingia), tangulizeni ya serikali. Hakuna sababu tena ya kumnyima mama harusi ya mwanawe.

Anzeni na ndoa zilizopita, maana hapo ndipo mipango mingi hukwama. Mwanamke aliyeachika hawezi kuunganishwa na mume mpya mpaka muungano wa kwanza ufutwe. Mwanamume aliyeachana na mke aliyeunganishwa naye anahitaji ruhusa. Yote mawili huamuliwa na Urais wa Kwanza (rais wa Kanisa na washauri wake), na maombi hupitia kwa askofu (kiongozi wa ushirika mmoja) na rais wa kigingi (kiongozi wa shirika kadhaa za eneo). Msichapishe kadi kabla ya jibu.

Endaumenti, ibada ya hekaluni ya kufanya maagano na Mungu, hutangulia kuunganishwa, na aliyebatizwa karibuni husubiri mwaka mmoja. Ipokeeni siku nyingine kabla ya harusi. Ni ibada ndefu, na anayeifanya asubuhi ya harusi hukumbuka uchovu tu.

Kibali kina mahojiano mawili: askofu, kisha rais wa kigingi. Maswali yako wazi tangu Oktoba 2019, yasomeni mapema: zaka, Neno la Hekima (sheria ya afya, kama kutokunywa pombe), usafi wa kimwili (kutofanya tendo la ndoa nje ya ndoa) na mengineyo. Swali la usafi wa kimwili hujibiwa ndiyo au hapana. Kama kuna kosa la kuungama, mwone askofu mapema, si wiki ya harusi. Anayehoji hana haja ya kudadisi mambo ya chumbani, nawe waweza kuomba mtu mzima mwingine awepo.

Je, mkishafunga ya serikali mlale mbalimbali hadi siku ya hekaluni? La. Sheria ya usafi wa kimwili inahusu tendo la ndoa nje ya ndoa halali ya mume na mke, nanyi mmeshaoana. Idadi ya watoto na lini wazaliwe pia ni uamuzi wenu wawili mbele za Mungu, si wa askofu.

Wekeni miadi na hekalu, mbebe vibali na cheti cha ndoa. Mtapiga magoti kwenye madhabahu mbele ya muunganishaji na mashahidi wawili. Tangu Oktoba 2019 shahidi aweza kuwa mwanamke. Pete si sehemu ya ibada, wala viapo mlivyotunga wenyewe, basi viwekeni kwenye ndoa ya serikali. Watoto waliozaliwa kabla ya hapo waleteni nao waunganishwe. Watakaozaliwa baadaye hawahitaji.

Wapenzi wa jinsia moja hawana njia hii. Sera ya Novemba 2015 iliyowaita waliooana waasi wa imani, na kuwazuilia watoto wao ubatizo, iliondolewa Aprili 2019, lakini ndoa yao bado huhesabiwa kuwa kosa kubwa. Mwenye ndugu wa hivyo bado aweza kumwalika kwenye ndoa ya serikali, akae mstari wa mbele na wengine.